Kutu ya Siku Tatu

Kwenye klabu ya gofu ninakofanya kazi wananiita Mama Taulo, na sina ugomvi na jina hilo. Huu ni mwaka wa kumi na moja nasimama nyuma ya kaunta ya chumba cha makabati, pale wanachama wanapoacha viatu na mifuko yao kabla ya kwenda kuoga. Nawapa taulo kavu wakiingia, nakusanya mbichi wakitoka. Naziosha, nazianika, nazikunja mara tatu, nembo ya klabu ikiwa juu. Ni kazi ndogo, lakini ndiyo iliyonirudisha darasani.

Niliacha shule nikiwa darasa la sita. Mwaka jana, nikiwa na miaka arobaini na tisa, nilijiandikisha masomo ya jioni. Darasa linaanza saa kumi na moja na nusu, na zamu yangu inaisha saa kumi na mbili. Nilimwomba Mungu wiki nzima kabla ya kwenda kwa meneja. Meneja alinisikiliza, akakuna kidevu, akasema, "Nitakuruhusu utoke saa kumi na moja. Lakini kabla hujatoka upite kila benchi, uokote kila taulo. Siku nitakayosikia umeacha kitu, ruhusa imekwisha. Na ile sheria nyingine unaijua."

Naijua. Mfanyakazi hagusi vifaa vya wanachama bila kuambiwa. Akigusa, anakwenda nyumbani na harudi.

Yote mawili niliyavunja katika wiki moja, zikiwa zimebaki wiki tano nifanye mtihani.

Ilianza Jumanne. Mvua ilinyesha mchana, wanachama wakaingia wote kwa mkupuo, wamelowa, wanacheka, wanadai taulo mbilimbili. Kufika saa kumi na moja nilikuwa bado naokota. Nilichungulia safu ya mwisho ya mabenchi kutoka mlangoni, nikajiambia iko sawa, nikakimbia. Darasani siku hiyo somo lilikuwa kutu. Mwalimu wetu, kijana mwenye miwani ambaye umri wake ni wa mwanangu kabisa, aliandika ubaoni: chuma, maji, hewa. "Ondoa kimoja kati ya hivyo," alisema, "kutu haiji." Nilipiga mstari mara mbili chini ya maneno hayo. Napenda jambo linaloeleweka.

Jumatano asubuhi, kwenye benchi la mwisho chini ya dirisha, nikaona taulo limekunjwa kama limembeba mtoto mchanga. Lilikuwa bado bichi. Nililifungua. Ndani mlikuwa na fimbo ya gofu, ile fupi wanayosukumia mpira shimoni, na kichwa chake chote kilikuwa cha kahawia kwa kutu.

Kwenye mshikio kulikuwa na kikaratasi chenye namba ya kabati, kumi na nne. Kabati la Daktari wa meno. Nikaona picha nzima: yeye kaisahau ndani ya taulo, mimi sikupita kuliokota, na usiku kucha maji na hewa vimefanya kazi yao. Jana mwalimu ananifundisha, leo nimeshaharibu kitu cha watu kwa somo lilelile.

Sasa, mtu mwenye akili zake angekwenda kusema. Mimi nilikimbilia siki. Huwa natia siki nyeupe kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia, ili taulo zisikakamae, kwa hiyo ninayo dumu zima. Nikachukua na waya wa kusugulia masufuria kutoka kantini. Nilisugua nusu saa, nikiomba kimoyomoyo kutu isiwe imeingia ndani. Haikuwa imeingia. Kahawia yote ilitoka na kile kichwa kikang'aa kama kijiko kipya. Nilijiona nimeokoka.

Hapo ndipo alipoingia Fundi. Fundi ana chumba nyuma ya ukuta wangu. Yeye hurekebisha fimbo zilizopinda na kubadilisha mishikio iliyochakaa, na kila asubuhi huja na kikombe chake kuomba maji ya moto. Alisimama, akaitazama fimbo, akaweka kikombe chini taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Dada," alisema, "hiyo umeitoa wapi?"

"Ilikuwa na kutu. Nimeisafisha."

"Umeisafisha."

"Tazama inavyong'aa."

Fundi akakaa kwenye benchi. Akavua kofia, akaivaa tena. "Mungu wangu. Dada, hiyo kutu ilikuwa yake."

"Yake vipi? Kutu ni ya nani?"

Akanieleza. Kuna fundi mmoja wa nchi ya mbali, mzee, ambaye alikuwa akichonga fimbo hizi moja moja kutoka kwenye bonge la chuma. Hakuzipaka rangi wala kuzitia kitu cha kuzuia kutu, na alifanya hivyo makusudi, ili chuma kigeuke rangi chenyewe pole pole. Alichonga chache, kisha akaacha. Siku hizi watu wanaokusanya vitu vya gofu wanazitafuta kama dhahabu, na kadiri kutu ilivyo nzito ndivyo bei inavyopanda, kwa sababu wanasema hiyo ndiyo dalili ya umri. Daktari aliinunua mwezi uliopita kwa Bwana Mnada.

Bwana Mnada ni mwanachama wetu pia. Jina hilo tumempa sisi wa huku nyuma, kwa kuwa hajawahi kumiliki kitu ambacho hakiuzi. Viatu alivyovaa, ukivisifu, atakutajia bei.

"Kwa hela ile," alisema Fundi, "Daktari angepata gari."

"Gari jipya?"

"Lililotumika. Lakini linatembea."

Nilishika kaunta. "Mtu ananunua kutu?"

"Ananunua kutu, dada. Na wewe umeiosha kwa siki."

Niliona ruhusa yangu ya saa kumi na moja ikiondoka, na kazi nayo nyuma yake, na mtihani nyuma ya kazi. Fundi alikuna shingo. Ni mtu mwema, ndiyo maana ushauri wake ulikuwa wa hatari.

"Daktari hatakuja mpaka Jumamosi," alisema. "Wewe si ndiye unayesoma? Kutu inaletwa na nini?"

"Maji na hewa."

"Na chumvi inaiharakisha. Chumvi iko kantini, maji unayo, taulo ndiyo usiseme. Ifunge. Mpaka Jumamosi itakuwa kahawia kuliko mwenyewe alivyoiacha. Hakuna atakayejua isipokuwa mimi na wewe."

"Na Mungu."

"Mungu hachezi gofu," alisema Fundi, akachukua kikombe chake.

Niliifunga. Nililowesha taulo kwa maji ya chumvi, nikalizungushia kile kichwa, nikaificha fimbo kwenye kabati la taulo kuukuu. Kila asubuhi na kila kabla ya kutoka niliifungua ili ipate hewa. Na kwa vile mwalimu ametuzoesha, niliandika kwenye daftari langu la sayansi. Jumatano saa tano: imefungwa. Jumatano saa kumi na moja: rangi imefifia. Alhamisi asubuhi: madoa ya rangi ya chungwa, mengi upande wa kushoto. Sikujua kwa nini naandika. Mkono ulikwenda wenyewe.

Alhamisi hiyo, nikiwa nyumbani kabla ya chakula, nilipiga magoti kama kawaida na sikupata la kusema. Nilianza, nikakwama. Nilikuwa naomba nifaulu mtihani, na sauti ndani yangu ikawa inauliza, mtihani gani? Niliinuka. Binti yangu, ambaye ni mshonaji na ndiye hunisikiliza nikisoma kwa sauti, aliinua macho kwenye cherehani.

"Mama, leo umeomba kwa kifupi hivyo? Mungu amekukatia simu?"

"Nimechoka, mwanangu."

"Umechoka au umefanya kitu?"

"Shona nguo za watu," nikamwambia. Akacheka, lakini hakuondoa macho kwangu.

Ijumaa jioni fimbo ilikuwa tayari. Sisemi uongo, ilikuwa nzuri. Kahawia iliyoiva, yenye vivuli kama mkate uliotoka kwenye tanuri. Fundi alikuja kuiona akapiga mluzi. "Dada, ukikosa mtihani una kazi nyingine hapa." Niliipangusa, nikaipaka mafuta kidogo alivyonielekeza, nikaiegemeza kwenye kabati namba kumi na nne.

Jumamosi saa nne asubuhi Daktari akaingia. Ni mtu mrefu mpole, anayeongea polepole kama anayekuomba ufungue mdomo zaidi. Nyuma yake alikuja Bwana Mnada na mfuko mwembamba wa ngozi begani.

"Mama Taulo, habari za tangu Jumanne?"

"Nzuri, Daktari. Karibuni."

"Niliacha fimbo yangu hapa, niliitwa ghafla na mgonjwa. Nimekosa raha wiki nzima."

"Ile pale," nilisema. Sauti haikuwa yangu.

Aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza dirishani. Nikasubiri. Daktari akatabasamu.

"Bado nzuri," alisema.

Hakutambua chochote. Nilishusha pumzi, na papo hapo nikajua kwamba hiyo pumzi si ya nafuu. Ilikuwa ya mtu aliyeponea chupuchupu tu.

"Nzuri?" alisema Bwana Mnada. Aliinyakua ile fimbo, akaiinua juu kama mwalimu anayeonyesha ramani. "Daktari, tazama kahawia hii. Tazama huku kushoto ilivyokolea. Hii ni miaka arobaini ya hewa na mikono ya watu. Hiki kitu hakiigiki. Ndiyo maana bei haishuki, ng'o! Dhahabu inashuka, nyumba zinashuka, hii inapanda." Akafungua mfuko wake wa ngozi, akatoa nyingine, nayo ya kahawia. "Na hii ndiyo pacha wake. Moja ni pambo. Mbili ni mkusanyo. Nimekuwekea wewe kwanza, kwa heshima."

"Mke wangu alisema ile pesa ni ya kiti kipya cha wagonjwa," Daktari alisema. "Cha sasa kikiinama hakiinuki."

"Kiti kinazeeka kinashuka bei. Hii inazeeka inapanda. Nani mwenye hasara?"

Daktari aliitazama ile pacha. Kisha akatoa simu mfukoni, akaanza kubonyeza. Niliona kidole chake kinatafuta namba.

Upande wa kushoto ulikuwa umekolea kwa sababu taulo langu lilikuwa na mshono pale na lilishika maji zaidi. Madoa hayo niliyaandika daftarini. Ningenyamaza dakika moja tu, ningebaki na kazi, na yule mtu mpole angelipa bei ya gari jingine kwa ajili ya mshono wa taulo.

Nilipiga moyo konde. "Daktari, usitume hiyo hela."

Wote wawili waligeuka.

"Hiyo kutu si ya miaka arobaini," nilisema. "Ni ya siku tatu. Nimeitia mimi."

Bwana Mnada ndiye aliyecheka kwanza. "Mama Taulo! Leo tunafundishwa chuma na mfua taulo?"

"Mimi nafua taulo kweli, bwana. Lakini Jumanne nilitoka bila kupita benchi la mwisho. Jumatano nikaikuta fimbo imo kwenye taulo bichi, nikadhani nimeiharibu. Nikaisugua kwa siki na waya wa masufuria mpaka ikang'aa. Nilipoambiwa kutu ndiyo thamani yake, nikairudisha kwa maji ya chumvi." Nilivuta daftari chini ya kaunta na kulifungua. "Nimeandika kila siku. Hapa. Saa na rangi."

Daktari alichukua daftari. Alisoma kama anavyosoma picha ya jino, taratibu, kutoka juu hadi chini. "'Madoa ya rangi ya chungwa, mengi upande wa kushoto,'" alisoma kwa sauti. Akaitazama fimbo. Akamtazama Bwana Mnada.

"Maneno ya kaunta hayo," alisema Bwana Mnada. "Kutu ya kweli mtaalamu anaijua."

"Ulivyoijua wewe sasa hivi?" Sauti ilitoka mlangoni. Ni Fundi, na kikombe chake, na uso wa mtu aliyekuwa amesimama pale muda. "Daktari, nisamehe. Ushauri wa chumvi ulikuwa wangu. Dada huyu alitaja Mungu, mimi nikafanya mzaha."

Bwana Mnada aliunyosha mfuko wake wa ngozi. Sikufurahia kumwona hivyo, maana uso wake ulikuwa umebadilika, na nadhani alikuwa anaamini aliyoyasema. "Hata hivyo," alisema, na sauti imeshuka, "ni fimbo ya kweli. Mkono uliochonga ni uleule. Hilo haliwezi kutiwa kwa chumvi."

"Hilo nakubali," alisema Daktari. "Mkono nimeununua na sijutii. Sijui tu nimelipa kiasi gani kwa mkono na kiasi gani kwa kutu."

"Chema chajiuza," Fundi alinong'ona kwenye kikombe chake, "kibaya chajitembeza."

"Nimekusikia, Fundi," alisema Bwana Mnada.

"Ndivyo nilivyokusudia, mzee."

Nikadhani sasa zamu yangu imefika. Badala yake Daktari alikaa kwenye benchi, akaufungua mfuko wake wa gofu na kutoa fimbo yake ya zamani, ile iliyofungwa utepe mweusi kwenye mshikio. Fundi ameifunga tena na tena, mara sita labda. "Mama Taulo, nipe glasi." Nikampa. Akailaza mwisho wa zulia, akahesabu hatua sita, akamwaga mipira kumi miguuni.

Kwa fimbo kuukuu aliingiza sita. Kisha akaichukua ile ya thamani. Mpira wa kwanza ukapita pembeni. Wa pili vilevile. Alikuwa ameishika kama yai.

"Sijawahi kuipigia," alisema. "Tangu niinunue, hata mara moja. Naogopa kuikwaruza."

"Ilishasuguliwa na waya wa masufuria, Daktari," nilisema kabla sijajizuia. "Haina la kuogopa tena."

Kisha Daktari akacheka, kicheko kirefu, mpaka akafuta macho kwa taulo langu. Fundi akacheka. Hata Bwana Mnada mdomo ulimponyoka upande mmoja. Daktari akaendelea kupiga, mabega yamelegea sasa, na katika mipira minane iliyobaki akaingiza mitano.

"Sita kwa tano," alisema Fundi. "Shimo halijui bei."

"Ina uzito mzuri lakini," alisema Daktari. "Nitaicheza. Ipate mikwaruzo, ipate kutu, ipate mvua. Ikiwa ya kuchezea nitaipenda. Ikiwa ya kuwekeza itaniua." Akairudisha simu mfukoni. "Pacha nenda naye, ndugu yangu. Mke wangu atapata kiti chake. Sijui kama unajua raha ninayosikia. Nilikuwa nimeanza kuota kwamba ninaibiwa."

Bwana Mnada alifunga mfuko wake kwa heshima. Alipofika mlangoni akageuka. "Mama Taulo, ile chumvi uliweka vijiko vingapi?"

"Viwili kwa lita moja," nilisema. "Lakini mteja umwambie." Akaenda zake. Sijui kama atawaambia.

Walipobaki Daktari na Fundi, nilimwambia Daktari kwamba Jumatatu nitakwenda mwenyewe kwa meneja. Aliuliza kama ni lazima. Nikasema ni lazima, kwa sababu tangu Alhamisi siwezi kuomba. Hakucheka. "Basi mwambie yote," alisema, "na ongeza kwamba fimbo niliifunga kwenye taulo mimi mwenyewe, mtu mzima na digrii yangu. Na kama anataka kujua zaidi, anipigie."

Jumatatu meneja alinisikiliza akiwa amesimama. Alikasirika kweli, na alikuwa na haki. Lakini alisema kwa kuwa nimejileta mwenyewe, na mwenye fimbo hana lawama, hatanifukuza. Aliniandikia barua ya onyo, akanisomea yote, pamoja na tarehe. Kisha akasema kuanzia leo nianze kupita mabenchi saa kumi na nusu, si saa kumi na moja kasorobo, mvua inyeshe isinyeshe, na nitoke saa kumi na moja kama kawaida. Nilisema ndiyo bwana mara tatu. Nikatoka, nikaingia chumba cha kukaushia, nikaufunika uso wangu kwa taulo lililokuwa bado na joto, na humo ndani maneno yakaja yenyewe. Yalikuwa mengi. Niliomba mpaka taulo likapoa.

Saa kumi na moja na nusu nilikuwa kwenye kiti changu, safu ya pili. Mwalimu alipita akikusanya ripoti za jaribio la kutu alilotupa Ijumaa tulifanye nyumbani. Alifungua daftari langu, akasoma, akasukuma miwani juu ya pua.

"Hii ni kazi nzuri sana, mama. Saa, rangi, kila kitu. Lakini hapa kwenye vifaa umeandika chumvi, maji, taulo, na fimbo ya kuchezea gofu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa nini fimbo? Msumari ungetosha."

"Ndiyo, mwalimu," nilisema. "Sasa najua."